Kukutana, Kukatana, Kupishana: Historia ya Swali la Mistari Miwili, kutoka Longitudo ya 30 hadi Wavu wa Elementi Finiti

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja la jiometria: je, maumbo mawili yanakatana? Swali hilo liliulizwa na wapima mipaka magharibi mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, likaulizwa na wapima mashamba wa Buganda baada ya Mkataba wa 1900, na leo huulizwa mamilioni ya mara na programu zinazoandaa wavu wa pembetatu kwa ajili ya kukokotoa uimara wa mabwawa, madaraja na majengo. Hoja kuu ni kwamba swali hilo halina majibu mawili tu ya ndiyo na hapana. Lina majibu kadhaa, na madhara mengi yametokea pale majibu hayo yalipofungwa katika fungu moja. Kiswahili, kwa kiambishi chake cha utendano, kinayatofautisha majibu hayo kwa wepesi. Makala yanapendekeza kuwa uundaji wa istilahi za uhandisi, hususan katika Uganda inayoanza kukifundisha Kiswahili kwa upana, uanzie kwenye mtandao wa dhana na si kwenye neno moja la Kiingereza linalotafutiwa mwenzake.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mhandisi kijana wa hapa Kampala aliniletea karatasi yenye ujumbe wa onyo uliotolewa na programu yake ya kompyuta. Alikuwa akiandaa maelezo ya kazi yake kwa wenzake wa Tanzania na alitaka ujumbe ule usomeke kwa Kiswahili. Nilimwandikia bila kusita: “Pembetatu mbili zimekutana.” Aliusoma, akatabasamu, akasema: “Mwalimu, zisipokutana ndipo nina shida. Hizi zimekatana.”

Tofauti kati ya tafsiri yangu na ukweli wake ilikuwa irabu moja. Katika darasa la isimu, kukutana na kukatana ni jozi mlinganuo finyu, mfano mwepesi wa kuonyesha kwamba /u/ na /a/ ni fonimu mbili. Katika kazi ya kijana yule, jozi hiyo ilitenganisha wavu unaoweza kukokotolewa na wavu usiofaa. Pembetatu jirani katika wavu hazina budi kukutana: zinachangia kona, au zinachangia ukingo mzima. Pembetatu moja ikipenya ndani ya nyingine, zimekatana, na umbo linaloelezwa haliwezi kuwapo duniani, kwa kuwa sehemu moja ya zege haiwezi kuwa mahali palepale palipo sehemu nyingine.

Kosa langu lilinisukuma kutafuta historia ya swali lenyewe, nami nilianza kwa kudhani kuwa ni historia ya kompyuta. Nilichokikuta ni kwamba katika eneo letu swali hili ni kongwe kuliko kompyuta, na limeandikwa juu ya vilima, mashamba na mipaka ya Uganda. Sehemu ya pili na ya tatu ya makala haya zinaeleza historia hiyo ya ardhini. Sehemu ya nne na ya tano zinaeleza jinsi swali lilivyoingia katika mbinu ya elementi finiti na namna linavyojibiwa. Sehemu ya sita inarudi kwenye lugha.

2.0 Mistari Iliyokatana Karatasini: Longitudo ya 30

Tarehe 1 Agosti 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza mipaka yake. Upande wa mashariki, mpaka ulifuata longitudo ya 30 mashariki hadi inapokatana na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini, kisha ukaenda kwa mstari mnyoofu hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuwa mpaka wao magharibi mwa Ziwa Viktoria ufuate latitudo ya digrii 1 kusini hadi mpaka wa Kongo, ila upinde ili mlima ulioitwa Mfumbiro ubaki upande wa Waingereza.

Tuyatazame maandishi hayo kama mwanajiometria. Yanataja mistari, na yanataja mahali mistari hiyo inapokatana. Karatasini hakuna utata: longitudo moja na latitudo moja hukatana mahali pamoja tu. Lakini waliotia saini hawakujua nukta hiyo imeangukia kilima gani. Mfumbiro wenyewe ulikuwa umeingia katika ramani za Ulaya kupitia maelezo ya Speke, aliyeviona vilele hivyo kwa mbali akiwa Karagwe mwaka 1861. Jina moja lilifunika safu nzima ya milima ya volkano.

Kati ya 1902 na 1904 tume ya Waingereza na Wajerumani ilipima eneo la kutoka Ziwa Viktoria kuelekea magharibi, na ikabainika kuwa longitudo ya 30 haikuwa pale ramani za awali zilipoionyesha. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilifuata mwaka 1907 na 1908. Kisha, mwaka 1908 na 1909, wapima ardhi, miongoni mwao Kapteni E. M. Jack na G. T. McCaw, walipima sehemu ya Uganda ya tao la longitudo ya 30. Tao hilo lilikuwa ndoto ya mwanafalaki David Gill wa Rasi ya Tumaini Jema, aliyependekeza mwaka 1879 kuwa Afrika ipimwe kwa mnyororo mmoja wa pembetatu kutoka kusini hadi Misri.

Njia ya kazi yao inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo babu wa wavu tutakaoujadili baadaye. Mpima hupima urefu wa mstari mmoja ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kutoka kwenye ncha mbili za mstari huo hutazama kilima cha tatu kwa theodolaiti na kupima pembe. Mahali miale miwili ya macho inapokutana ndipo kona ya tatu ya pembetatu ilipo, na urefu wa pande nyingine mbili hupatikana kwa hesabu bila mtu kuzipima kwa mnyororo. Upande mmoja wa pembetatu hiyo huwa msingi wa pembetatu inayofuata. Kanuni mbili hazivunjwi. Kwanza, pembetatu jirani zichangie upande mzima, si kipande cha upande. Pili, pembetatu nyembamba mno ziepukwe, kwa sababu miale miwili inayokutana kwa pembe ndogo sana hugeuza kosa dogo la jicho kuwa kosa kubwa la mahali.

Vipimo vilipokamilika, mistari ya 1885 na 1890 haikuweza kuachwa kama ilivyokuwa. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 uliachana na longitudo katika sehemu ya kusini na kuchagua vilele. Leo mipaka ya Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana juu ya mlima Sabinyo, takriban kilomita 45 magharibi mwa longitudo ya 30, ambayo yenyewe inapita karibu kabisa na mji wa Kabale. Kama mstari wa 1885 ungefuatwa jinsi ulivyoandikwa, mji wa Kisoro ungelikuwa Kongo. Watu wa Bufumbira hawakuulizwa katika hatua yoyote ya hesabu hiyo, na jamaa zao walijikuta ng'ambo ya mistari iliyochorwa kwa penseli mbali na vilima vyao.

Funzo la kwanza la historia hii ni kwamba kukatana kwa mistari katika maelezo na kukatana kwake mahali halisi ni mambo mawili. Baina yake kuna vipimo, na kila kipimo kina kosa lake.

3.0 Mashamba Yaliyofunikana: Mailo

Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900 ulitumia njia nyingine. Haukuchora mistari, ulitaja maeneo. Ufalme ulikadiriwa kuwa na maili za mraba 19,600, na katika hizo maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa machifu na wamiliki binafsi 1,000. Kutokana na kipimo hicho likazaliwa neno mailo, ambalo hadi leo ni jina la aina ya umiliki wa ardhi nchini Uganda. Neno la kipimo cha urefu likawa jina la haki.

Makadirio ya eneo la ufalme yalitangulia upimaji wake. Vivyo hivyo, machifu walichagua mashamba yao na kuyataja kwa vijiji, mito, vinamasi na vilima kabla ya wapima kufika. Kudai kulikuwa kwepesi. Kupima kulichukua miongo. Wapima walipofika walikuta kwamba mashamba mawili yaliyoelezwa kwa maneno tofauti yanaweza kudai bonde lilelile. Si kwamba mistari ya mashamba hayo ilikuwa imekatana mahali pamoja tu. Eneo zima la shamba moja lilikuwa limelala juu ya eneo la jingine, kama mabati ya paa yanavyofunikana. Kwingineko hali ilikuwa kinyume: kati ya madai mawili palibaki ukanda usio na mwenyewe karatasini, ingawa watu waliishi na kulima humo.

Ndiyo sababu nalitenga neno kufunikana na kukatana. Barabara mbili zinazokatana zina nukta moja ya pamoja. Mashamba mawili yanayofunikana yana eneo la pamoja, na eneo hilo linaweza kupimwa, kugawanywa au kupiganiwa. Suluhisho la hali moja si suluhisho la nyingine. Mahakama inayoambiwa tu kwamba “mipaka imeingiliana” haijaambiwa jambo la kutosha kutoa hukumu.

Mfumo wa kompyuta wa taarifa za ardhi ulipoanza kutumika nchini katika muongo wa 2010, ramani za karatasi zilianza kuingizwa humo kama maumbo yenye kona na kingo. Swali la wapima wa mwanzo likahamia ndani ya mashine: chukua kiwanja hiki na kiwanja kile, kisha sema kama vimeachana, vimegusana, vimechangia mpaka au vimefunikana. Mashine haijui kinamasi wala mti wa mutuba uliopandwa kuonyesha mpaka. Inajua namba.

4.0 Kutoka Mnyororo wa Pembetatu hadi Elementi Finiti

Mwaka 1954 unakutanisha mambo mawili katika simulizi hili. Ndio mwaka ambao upimaji wa tao la longitudo ya 30, uliopendekezwa na Gill miaka 75 kabla, ulikamilika, na mfumo wa majira ya ramani unaotumika Uganda, Kenya na Tanzania, uitwao Arc 1960, ulijengwa juu ya kazi hiyo. Ndio pia mwaka ambao bwawa la Owen Falls lilizinduliwa Jinja, tarehe 29 Aprili. Ukuta wa zege unaozuia Nile unabeba msukumo wa maji usiopumzika, na mhandisi lazima ajue ndani ya zege nguvu zimejigawa vipi.

Kwa maumbo rahisi, milinganyo ya nguvu hizo hutatuliwa kwa kalamu. Kwa umbo lenye pembe, matundu na miamba isiyo sawa chini yake, kalamu hushindwa. Njia iliyopatikana ni ileile ya wapima ardhi: usilimeze umbo zima, ligawe katika pembetatu. Mwanahisabati Richard Courant alichapisha wazo hilo mwaka 1943. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walilitumia katika kukokotoa miundo ya ndege, na mwaka 1960 Ray Clough akaipa mbinu hiyo jina la elementi finiti. Mwaka 1962 yeye na Edward Wilson waliitumia kwa bwawa la zege la Norfork huko Arkansas, Marekani, ambalo lilikuwa na ufa. Kwa hiyo, bwawa la Jinja lilizinduliwa miaka miwili kabla ya makala ya 1956 na miaka minane kabla ya bwawa la kwanza la zege kukokotolewa kwa njia hiyo. Leo ni vigumu kufikiria bwawa kubwa, au daraja la nyaya kama lile la Nile la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, ambalo wahandisi wake hawataligawa kwanza katika wavu wa elementi.

Kimsingi mbinu ni hii. Mwili mzima hukatwa katika vipande vidogo: pembetatu au pembenne kwa umbo bapa, piramidi za nyuso nne au maumbo ya matofali kwa umbo lenye ujazo. Kila kipande ni elementi. Ndani ya kila elementi hudhaniwa kuwa mabadiliko ni rahisi kuelezwa. Elementi jirani huambizana kupitia kona zao: kona moja ikisogea, elementi zote zinazoichangia husogea nayo. Milinganyo ya elementi zote huunganishwa kuwa mfumo mmoja mkubwa, na kompyuta huutatua.

Hapo ndipo kanuni za Jack na McCaw zinaporudi. Elementi jirani lazima zichangie kona au ukingo mzima. Kona ya elementi moja ikiangukia katikati ya ukingo wa jirani, jirani huyo haisikii kona hiyo. Nguvu zinafika mahali ambapo mfumo hauna wa kuzipokea, isipokuwa mhandisi ameweka sharti maalumu la kuzifunga. Elementi nyembamba mno huleta majibu yasiyoaminika, kama pembetatu nyembamba za wapima. Na elementi mbili zikikatana, mfumo unakokotoa kitu kisichoweza kujengwa. Jambo la hatari ni kwamba kompyuta si lazima ikatae. Inaweza kutoa jedwali zuri la namba na picha ya rangi, na namba hizo zikawa uongo.

5.0 Jinsi Mashine Inavyouliza

Tuanze na hali nyepesi ya vipande viwili vya mstari kwenye karatasi. Simama katika ncha A ya kipande cha kwanza ukitazama ncha B. Ncha C ya kipande cha pili iko mkono wako wa kushoto au wa kulia? Na ncha D? Zikiwa upande mmoja, vipande haviwezi kukatana. Zikiwa pande tofauti, rudia swali ukisimama C na kutazama D: A na B ziko wapi? Zikiwa nazo pande tofauti, vipande vimekatana. Swali la kushoto au kulia hujibiwa kwa hesabu fupi: ni mara mbili ya eneo la pembetatu ABC, likiwa na alama ya chanya au hasi. Chanya ni kushoto, hasi ni kulia. Sifuri maana yake nukta iko juu ya mstari wenyewe, na hapo hatuna tena kukatana bali kugusana, au vipande vilivyolala kwenye mstari mmoja, ambavyo huenda vimefunikana.

Katika umbo lenye ujazo, linaongezeka jibu jingine. Atazamaye ramani ya Kampala huona barabara mbili zikikatana karibu na Clock Tower. Aliyepo pale huona kuwa moja imepanda juu ya nguzo na nyingine imepita chini yake. Magari hayakutani wala hayakatani, yanapishana. Ramani bapa haina jibu hilo. Ndiyo maana pembetatu mbili katika ujazo hupimwa kwa bapa zao: kona zote tatu za pembetatu ya kwanza zikiwa upande mmoja wa bapa la pembetatu ya pili, basi zimeachana na kazi imekwisha. La sivyo, hutafutwa mstari ambako bapa mbili zinakatana, na kuangaliwa kama sehemu ya mstari huo iliyomo ndani ya pembetatu ya kwanza inaingia katika sehemu iliyomo ndani ya ile ya pili. Njia ya haraka ya kufanya hivyo ilichapishwa na Tomas Möller mwaka 1997, na imetumika sana tangu hapo.

Matatizo mawili yalibaki. La kwanza ni wingi. Wavu wa pembetatu 1,000 una jozi 499,500 za kupimwa. Wavu wa pembetatu 1,000,000 una jozi zinazokaribia bilioni 500. Kwa hiyo programu haianzi kwa kupima pembetatu. Kila pembetatu hufungwa ndani ya sanduku lenye pande zilizonyooka, na masanduku ndiyo hupimwa kwanza, kwa kuwa kulinganisha masanduku ni kulinganisha namba chache tu. Masanduku yaliyoachana yana pembetatu zilizoachana. Masanduku yenyewe hupangwa katika masanduku makubwa zaidi, kama nyumba ndani ya mtaa na mtaa ndani ya wilaya, na mitaa iliyo mbalimbali haiulizwi kabisa. Kwa mistari ya karatasini, Shamos na Hoey mwaka 1976, kisha Bentley na Ottmann mwaka 1979, walionyesha njia ya mstari unaofagia uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiulizia tu mistari iliyo jirani kwa wakati huo.

Tatizo la pili ni la namba zenyewe. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa tarakimu zenye kikomo; hata sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu katika mfumo wa sifuri na moja. Nukta iliyo karibu sana na mstari inaweza kutoa jibu la chanya pale jibu la kweli ni hasi. Kosa ni dogo mno kwa kipimo cha urefu, lakini swali letu haliulizi urefu. Linaulizia upande, na upande hauna robo wala nusu. Mwaka 1997 Jonathan Shewchuk alichapisha hesabu inayojikagua: huanza kwa wepesi, na alama ya jibu ikiwa na shaka huongeza usahihi hadi shaka iishe. Wapima wa mwaka 1908 walirudia kutazama kilima kimoja mara nyingi kwa sababu hiyohiyo.

Funzo la pili, basi, ni kwamba jibu la “vimekatana” huwa na thamani pale tu anayelipokea anajua limetolewa kwa usahihi gani na limetengwa na majibu gani mengine.

6.0 Lugha: Kiambishi Kimoja, Majibu Sita

Sasa tunaweza kurudi kwa mhandisi wetu. Kiingereza cha programu hutumia neno moja kwa karibu majibu yote yaliyoelezwa hapo juu, kisha hulisaidia kwa vivumishi virefu. Mfasiri anayetafuta neno moja la Kiswahili kwa neno hilo moja, kama nilivyofanya mimi, atachagua kukutana au kukatana, na kwa uchaguzi wowote atakosea nusu ya wakati.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapo. Kiambishi cha utendano -an- kinajenga familia nzima. Kuachana: maumbo hayana nukta ya pamoja. Kupishana: mistari inaonekana kukatana kutoka upande mmoja wa kutazama, lakini katika ujazo haigusani. Kugusana: kona ya umbo moja imeangukia ndani ya ukingo au uso wa jingine. Kukutana: maumbo yanachangia kona nzima au ukingo mzima. Kukatana: umbo moja limepita ndani ya jingine. Kufunikana: maumbo ya bapa moja yana eneo la pamoja. Maneno haya yote anayajua mtoto wa shule ya msingi. Yana hata hisia zinazofaa: kukutana ni kwa amani, ilhali kukatana kunaukumbusha upanga.

Umilisi wa kawaida, hata hivyo, si istilahi. Katika mazungumzo tunasema barabara “zinakutana” na “zinakatana” kwa maana ileile, na vitabu vya hisabati vya shule huzungumzia mistari inayokatana bila kuhitaji tofauti nilizozitaja. Neno huwa istilahi pale mpaka wake na maneno jirani unapowekwa wazi na kuheshimiwa. Kwa lugha ya makala haya: istilahi nazo ni wavu. Zinapaswa kukutana kingo kwa kingo, zisifunikane, wala zisiache ukanda usio na mwenyewe kati yake.

Kazi ya istilahi katika Afrika Mashariki ina misingi imara. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Aghalabu, hata hivyo, utaratibu umekuwa wa orodha: safu ya Kiingereza kushoto, safu ya Kiswahili kulia. Orodha kama hiyo hurithi mgawanyo wa dhana wa lugha ya kushoto, pamoja na utata wake. Ni kama kuchora mpaka kwa longitudo bila kukanyaga vilima.

Pingamizi moja lina uzito nalo halifai kupuuzwa. Wahandisi wa Kampala husoma, huandika na kutia saini michoro yao kwa Kiingereza; kwa nini wajaziwe istilahi nyingine? Jibu langu halitokani na fahari ya lugha. Wavu hauishii kwa mhandisi. Matokeo yake huelezwa kwa msimamizi wa ujenzi, kwa fundi wa nondo, kwa mjumbe wa kamati ya ardhi, kwa mwenye kiwanja na, mambo yakiharibika, kwa hakimu. Katika mnyororo huo Kiingereza hukatika mapema. Kinachobaki ni Luganda, lugha nyingine za nchi, na Kiswahili kinachounganisha mafundi wa pande zote za mipaka yetu. Mtu anayeambiwa kwamba kiwanja chake “kimekutana” na cha jirani ataenda nyumbani kulala. Akiambiwa kwamba “vimefunikana”, atatafuta mpima.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba kizazi kinachoanza shule sasa kitafika vyuo vya ufundi na vitivo vya uhandisi kikiwa na Kiswahili mkononi. Swali ni kama kitakuta istilahi zilizopimwa au zilizokadiriwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi za jiometria, upimaji ardhi na uhandisi ziundwe kwa familia za dhana, kila familia ikiwa na mchoro unaoonyesha neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Pili, wapima ardhi na wahandisi wawe wajumbe wa vikao hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa ndio wanaojua kosa lipi linagharimu nini. Tatu, kabla ya istilahi kusanifiwa, ijaribiwe katika ujumbe halisi wa onyo: asiyekuwa mtaalamu ausome, aeleze alichoelewa, na maelezo yake yalinganishwe na kilichotokea ndani ya programu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuliratibu jaribio hilo ili Kampala, Dodoma, Nairobi na Kigali zisichore kila moja mstari wake.

Mistari ya 1885 ilichorwa na watu waliokuwa na hakika ya karatasi, na ikawabidi wengine kutumia miaka ishirini na mitano kuirekebisha kwa gharama ya waliokuwa wakiishi hapo. Istilahi nazo, zikishaingia vitabuni, ni ngumu kung'olewa. Karatasi ya yule mhandisi bado ninayo. Nimefuta neno zimekutana na kuandika zimekatana juu yake. Na pembeni, kwa penseli, nimechora pembetatu zile mbili, ili atakayeisoma baada yangu asilazimike kuniamini.